Mgonjwa wa TB akiacha dawa, afungwe?

Umeuliza kama mgonjwa wa TB anayekatiza dawa afungwe ili asiambukize wengine. Hilo lilishafanyika Kenya. Mwaka 2010 wanaume wawili walikamatwa Kapsabet kwa kuacha dozi, hakimu akaamuru wakae gerezani miezi 8. Walitoka baada ya siku 46.

Sasa hebu fikiria. TB husambaa kwa hewa, mtu akikohoa. Unamchukua huyohuyo anayekohoa unamtia kwenye selo iliyojaa, kidirisha kimoja juu, watu wanapumuliana usiku kucha. Umemkinga nani hapo? Au wafungwa si watu?

Machi 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kuwafunga vile kulikiuka Katiba, na kwamba kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma hakimpeleki mgonjwa jela. Kumtenga kunaruhusiwa, ila mahali pa tiba.

Nami naona hivyo. Jirani ana haki ya kutoambukizwa, hasa ikiwa ni TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, sibishi. Lakini uliza kwanza kwa nini kaacha. Dozi ya kawaida ni miezi 6. Mwezi wa pili kikohozi kimetulia, mtu anajiona mzima. Vidonge vinamchafua tumbo, na yeye ni kibarua: siku ya kliniki ni siku isiyo na hela. Huyo mtumie mhudumu wa afya ya jamii hadi mlangoni, na nauli juu. Akikataa katakata ndipo tuzungumzie wodi ya kutengwa.