Kubeba magunia kutwa si mazoezi

Mkuu, umeuliza kuhusu kaka yako wa miaka 45, kuli hapo Tanga mjini: jioni anarudi hoi, daktari kamwambia afanye mazoezi, naye anajibu "mazoezi gani zaidi ya haya?" Ukimsikiliza unaona ana haki, ila anajidanganya.

Kubeba kwa saa 8 kunachosha mwili bila kuupa nafasi ya kujijenga. Mapigo ya moyo hayapandi kiasi cha kuuimarisha, wala hayashuki ukapumzika. Presha inabaki juu, na kiuno kinapinda vilevile mara mamia. Zoezi ni dakika chache zenye nguvu ya kutosha, kisha mapumziko.

Piga hesabu. Wataalamu wa afya kazini wanasema kazi ya kutwa isile zaidi ya theluthi moja ya kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Tuseme kaka anafikia lita 2.4 kwa dakika, na kazi inadai wastani wa lita 0.9. Hiyo ni asilimia 37 na ushei, ndiyo maana saa tisa alasiri miguu imekufa. Akipanda hadi lita 2.7, kazi ileile inarudi kwenye theluthi, na gunia halijapungua hata punje. Asiyejitunza hupoteza karibu asilimia 10 ya uwezo huo kila miaka kumi baada ya 30. Gunia lenyewe halizeeki.

Aanze na pumzi. Baiskeli anayo (Tanga nani hana?), basi anyonge kuelekea Raskazone kwa kasi ambayo anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Wiki ya kwanza dakika 10, siku tatu. Kila wiki aongeze dakika 5 hadi 30, kisha zifike siku tano. Hapo ana dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Tandiko la chini mno linaumiza magoti. Msimu wa kaskazi aende alfajiri, na kazini anywe robo lita ya maji kila dakika 15 hadi 20, asingoje kiu.

Nguvu ni mara mbili kwa wiki, siku za kazi nyepesi. Akae na kuinuka kwenye stuli bila kushika kitu, mara 10, raundi tatu. Pushapu za ukutani. Atembee hatua 40 na madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji. Anapoinuka atoe hewa. Kubana pumzi kunarusha presha ghafla.

Ila la maana kuliko yote ni kuinama. Ashike mti wa ufagio nyuma ya mgongo, uguse kisogo, katikati ya mabega na kifupa cha mkia. Asukume makalio nyuma, magoti yakilegea kidogo. Mti ukiachia sehemu moja kati ya hizo tatu, arudie. Kwa wengi unaachia kifupa cha mkia, kwa sababu wanakunja kiuno badala ya nyonga, na hivyo ndivyo wanavyookota gunia. (Gunia la kilo 100 kwa mtu mmoja halina zoezi. Hilo ni la mkokoteni.)

Wengi huharibu kwa pupa: Jumatatu wanakimbia, Jumatano ngazi haishukiki. Maumivu yakishuka chini ya goti pamoja na ganzi, aache, amwone daktari. Kifua kikibana, mkojo ukimtoka bila kujua, au ganzi ikifika sehemu za siri, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kupima maendeleo, kipimo cha uwezo wa kufanya kazi kilichobuniwa Ufini kinaanza na swali moja: ukilinganisha na siku zako bora kabisa, leo unajipa ngapi kati ya 0 na 10? Aandike kila mwisho wa mwezi. Akianza na 5 na wiki ya 12 bado yuko 5, msiongeze mazoezi. Kapimeni sukari, presha na wingi wa damu, na mumuulize analala kwa saa ngapi.