Digrii ya uuguzi ukiwa kazini: anza na barua ya ruhusa

Dada, umeuliza kama nesi mwenye diploma ya KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba Kenya), aliye kazini Kisumu, anaweza kusomea digrii bila kuacha kazi. Anaweza. Vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro pale Kakamega vina digrii ya uuguzi. Uliza kozi ya wanaojiendeleza, maana ile ya waliotoka sekondari ni miaka 4.

Karo ni mzigo, lakini kinachowakwamisha wengi ni ruhusa. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo kama umeajiriwa na kaunti, ni kaunti inayokupa likizo ya masomo. Wadi yenye nesi mmoja usiku haikuachilii kirahisi. Usiridhike na "sawa, nenda tu" ya msimamizi wako. Andika barua, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Nimewaona wenzetu wakihitimu kwa jasho kisha wakabaki jobu grupu (ngazi ya mshahara) ileile kwa sababu hakuna karatasi ya ruhusa kwenye faili. Inaniuma sana. Leseni yako ya uuguzi pia isikuishie katikati ya masomo.

Barua ikishapokelewa, ndipo ulipe ada ya maombi.