Maswali yenu: hasara ya mwenzio isije ikawa deni lako

Mteja mkubwa kanitumia mkataba, kuna kifungu nitamlipa "hasara zote zinazotokana na au kuhusiana na" kazi yangu. Naambiwa ni cha kawaida, nisaini?

Usisaini hivyo. Hicho kifungu ndo kinaitwa indemniti, yaani ahadi ya kumlipa mwenzio hasara zake. Hili swali linarudi kila mara na kila mara mtu kaambiwa "ni cha kawaida", na anayemwambia hivyo ni huyohuyo atakayelipwa! Hayo maneno "kuhusiana na" ndo yenye sumu, manake hayasemi kosa lazima liwe lako. Mteja kaacha shimo wazi saiti kwake, mpita njia kavunjika mguu, ila fundi aliyekuwa anafanya kazi pale ni wako, basi imeshahusiana na wewe na mnaanza kuvutana. Mwambie aandike "hasara iliyosababishwa na uzembe wa mtoa huduma, kwa kiasi alichosababisha". Akikataa kabisa hata kulijadili, jua anatafuta wa kubeba makosa yake.

Si ni sawa tu na kudaiwa kwa kuvunja mkataba? Yote kulipa.

Sio sawa. Kwenye kuvunja mkataba anayedai ana kazi ya kufanya, athibitishe umevunja, afu hasara yenyewe iwe ile ambayo wote mngeitegemea mlipokubaliana. Ndo kanuni ya kesi ya Hadley v Baxendale ya Uingereza, 1854, mwenye kinu alicheleweshewa shafti yake akadai faida aliyokosa, mahakama ikaona haikuwa hasara ambayo msafirishaji angeitarajia. Indemniti ikiandikwa kwa upana inaweza kukuvua hiyo kinga, hata ule wajibu wa mwenzio kupunguza hasara yake mwenyewe unaweza usimbane. Kwa hiyo uandikeni humo ndani, msiuache hewani.

Nina bima ya kitaaluma, si italipa?

Usiitegemee kabla hujauliza. Mikataba mingi ya bima inaondoa dhima uliyojitwisha kwa mkataba, yaani ile ambayo bila sahihi yako usingekuwa nayo. Mpelekee broka kifungu chenyewe, neno kwa neno, KABLA ya kusaini. Wengi mnaniandikia mkiwa mmeshasaini, na inaniuma kwa kweli, biashara ya miaka inaondoka kwa barua ambayo haikuandikwa.

Mkataba una ukomo wa malipo, niko salama?

Soma mpaka chini. Mara nyingi kuna sentensi inasema ukomo hauhusu indemniti.

Mkataba umeisha, indemniti si imekufa?

Hapana, nyingi zinaandikwa ziendelee hata baada ya mkataba kuisha.

Nauza programu, mteja anataka nimkinge akishtakiwa kwamba nimeiba kazi ya mtu. Nikatae?

Hiyo usikatae, ni haki yake, we ndo unajua msimbo (code) wa programu umeutoa wapi. Ila weka ukomo, na kinga hiyo isihusu programu aliyoibadilisha mwenyewe.

Mteja kamalizana na mdai kimyakimya, sasa kaniletea bili.

Usilipe wala usikubali lolote kwa maandishi leo. Angalia kama kifungu kilimtaka akupe taarifa mapema, akuachie uongoze utetezi, asimalizane bila ridhaa yako. Kama hayamo umepungukiwa silaha, ila bado dai vielelezo vya kila shilingi, na kampuni ya bima ijulishe leo hiihii manake kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kukukosesha hata kile ambacho wangelipa.