Maadili ya kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa: mnauliza, tunajibu

Mweka hazina alichukua 80,000 sandukuni Jumatatu, akazirudisha zote kabla ya mkutano wa Ijumaa. Kosa liko wapi?

Amejikopesha bila kikao na bila riba; hilo ni kosa hata kama hakuna shilingi iliyopungua. Lakini swali zito zaidi ni hili: alifunguaje? Sanduku hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi, wala si yule anayelala na sanduku. Akiweza kulifungua peke yake, maana yake funguo mmemwachia kwa kumwamini. Atozwe faini ya katiba yenu, na kufuli zibadilishwe siku hiyohiyo. Hata yeye anakingwa: fedha zikipotea kesho, wa kwanza kushukiwa ni yeye.

Tumehesabu fedha za sandukuni, zimezidi 10,000. Mwenyekiti anataka ziingie mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida.

Msikubali. Fedha iliyozidi ina mwenyewe, na mara nyingi ni mtu aliyelipa bila kuandikiwa, ambaye mwezi ujao atadaiwa tena.

Chukueni salio la mkutano uliopita, jumlisheni hisa, marejesho na faini za leo, kisha punguzeni mikopo mliyokopesha leo. Wahesabu fedha wawili warudie kuhesabu kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake. Bado zimezidi? Fungueni vitabu vya wanachama kimoja kimoja, mlinganishe mihuri (kila hisa hugongwa muhuri mmoja) na fedha aliyoleta kila mtu. Hisa ikiwa 5,000, anzeni kutafuta hisa mbili zisizogongwa muhuri. Mwenyewe asipopatikana, andikeni "ziada 10,000" na tarehe, muwasomee wote, zibaki sandukuni zikiwa zimefungwa peke yake.

Mimi ni mwenyekiti. Mdogo wangu ameomba mkopo. Nikae kikaoni?

Taja undugu kabla ombi halijasomwa, mwachie mwingine kiti, utoke nje. Kama kikomo chenu ni mara tatu ya hisa zake, kibaki hapo hapo.

Tumtaje WhatsApp aliyechelewesha rejesho?

Hapana. Ujumbe hupigwa picha ukafika kwa mwajiri wake na kwa wakwe. Mtumeni mtu mmoja anayemheshimu akamuulize kilichomsibu, kisha deni lizungumzwe mkutanoni, yeye akiwepo. Aliyeuguliwa na mtoto apangiwe upya marejesho. Mkaidi, mdhamini wake aitwe.