Alama Kumi za Bure

Mmeuliza wiki hii: je, kozi ya maadili iwe ya lazima kwa kila mwanafunzi wa chuo kikuu? Mimi nimeifundisha kozi hiyo miaka kadhaa. Iwepo, sawa, ila msiitwishe mzigo usio wake.

Nianze na aibu yangu. Muhula mmoja, siku mbili baada ya kuwasilisha matokeo, binti mmoja alibisha hodi ofisini na karatasi yake ya mtihani mkononi. "Mwalimu, hapa umejumlisha vibaya." Nikajiandaa kwa ubishi, maana wanaokuja na maneno hayo huwa wanatafuta nyongeza. Akaiweka karatasi mezani, kidole kikashuka swali kwa swali: 14, 18, 9, 20. Jumla 61. Mimi nilikuwa nimeandika 71.

Kubadili matokeo yaliyokwisha kupelekwa kulitaka fomu, barua ya maelezo na sahihi ya mkuu wa idara, nami nilikuwa na rundo la karatasi za darasa jingine linanisubiri. Nikamwambia, "Achana nayo, hiyo ni bahati yako." Hakuondoka mara moja. Aliikunja karatasi mara mbili, akasema, "Haya, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyepunjwa. Na wiki chache tu nyuma nilikuwa nimesimama mbele yake saa mbili nzima nikihubiri uadilifu katika taaluma!

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama kumsaidia majeruhi njiani. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Kati ya walioambiwa muda bado upo, 63% walijaribu kumsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, 10% tu. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ambayo watafiti wangeweza kuitegemea. Wengine walimruka huyo mtu wakaenda kumhubiri Msamaria.

Mimi pia nilikuwa na haraka. Na chuo kinachorundika kazi tano zikabidhiwe wiki moja, kisha kikashangaa watu wananakili, kijitazame. (Simtetei anayenakili. Wapo wanaoibia mtihani hata ukiwapa mwezi mzima.) Mijadala ya darasani juu ya visa vigumu inanoa fikra, hilo nimeliona kwa macho. Lakini mwanafunzi hujifunza zaidi kwa kumwangalia mhadhiri: kama anaweka jina lake kwenye utafiti alioufanya mwanafunzi peke yake, kama anasoma kazi kabla ya kuitia alama, na anafanya nini akikosolewa.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda kuichukua ile fomu. Kwenye sehemu ya sababu kulikuwa na visanduku vitatu vya kutia tiki: swali halikusahihishwa, alama zimepungua, karatasi imepotea. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mwanafunzi atakuja kuomba apunguziwe. Nikaandika pembeni kwa kalamu, herufi zikibanana: "Mwanafunzi mwenyewe amesema zimezidi."