Barua kwa mwanangu: Si upweke unaonipeleka Mida

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika na hela za mwezi zimefika, Mungu akuzidishie. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema shangazi yako amekupigia huko Maskati kukwambia kwamba mama yako siku hizi akishaswali alfajiri hutoka na darubini shingoni, anashuka Mida, kwenye hori ya bahari, kutazama ndege, na watu wa Timboni wanamcheka. Ukaniuliza: "Mama, ni upweke? Maana hao ndege huwali, huwafugi, huwauzi. Unapata nini?"

Upweke sio. Mtu mpweke huenda penye watu, nami ninawakimbia.

Wewe umekua ukiniona kwenye cherehani. Miaka yote ile, kila aliyeinua pazia la duka alikuwa na lake: huyu anataka sare za watoto kabla ya Jumatatu, huyu gauni la harusi limembana na harusi ni kesho, huyu kaja kukopa uzi. Nyumbani vivyo hivyo, ninyi na baba yenu. Sinung'uniki, ndiyo riziki na ndiyo ndoa. Lakini ndege hataki kitu kwangu. Nikija anakula kaa wake, nisipokuja anakula kaa wake. Mtu aliyeishi akingojwa amalize kazi ya watu hupata raha kubwa kukaa mahali ambapo hakuna anayemngoja.

Halafu usidhani ni kukaa tu na kukodoa macho. Kwanza ujue maji. Yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wote wametawanyika huko mbali topeni, unaona nukta tu. Yanapoanza kujaa huwasukuma kidogo kidogo kuja ukingoni, na hapo uwe umeshakaa kimya, jua likiwa nyuma yako. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana kuliko kawaida, huja mbio, hujamaliza kumtambua huyu mwenzake ameruka. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, wanajongea taratibu, na mimi na goti langu hili tunazipenda hizo zaidi.

Mwanzo vitwitwi, hao ndege wa topeni, wote walikuwa rangi moja kwangu, rangi ya tope. Lakini mtu aliyetenganisha nyuzi za kijivu za namna nne kwa mwanga wa taa ya chemli hashindwi. Ukitulia unaona huyu mdomo wake umepinda kwenda chini, yule umepinda kwenda juu na miguu ni ya manjano. Baadaye hata mdomo huuangalii, unamjua kwa mwendo. Yule wa mdomo uliopinda juu hukimbia ovyo akifukuza kaa, anageuka ghafla kama aliyesahau kitu. Mwingine hukimbia hatua chache, akasimama, akatega, ndipo adonoe. Siku nilipomjua mmoja kwa mwendo tu, kabla ya kuinua darubini, nilicheka peke yangu pale. Labda ndiyo siku shangazi yako alipoambiwa nimerukwa na akili.

Yule mwenye mdomo uliopinda chini ana gramu 60 hivi, na anazaliana Siberia, kule juu kabisa kusikoota miti. Wanatufikia kusi likielekea kwisha, wanakaa kaskazi lote, na Aprili wanaondoka. Karibu na kuondoka wanabadili manyoya, ile kijivu inageuka wekundu wa matofali. Nguo ya harusi anaivalia kwetu, harusi yenyewe iko Siberia! Nguo nilizoshona na wenyewe hawakuzifikisha hata Kilifi bila kuchafuka, nikiwakumbuka namheshimu sana huyu.

Sasa nikueleze wa kwenu. Kuna ndege mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, kazi yake kuvunja kaa. Wanasayansi humwita Dromas ardeola. Huyu huzaliana pande hizo ulizoko, pwani na visiwa vya Bara Arabu na Ghuba, na Somalia pia, halafu wengi wao huja kukaa kwetu. Katika jamii yote ya vitwitwi na ndugu zao, ni yeye peke yake anayechimba shimo mchangani akataga humo. Hutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinda lake hukaa shimoni likiletewa chakula. Na haliishi hapo: hata likishakua, likaruka bahari yote hiyo hadi Mida, bado utaliona linamfuata mzazi likipiga miluzi lipewe kaa. Mzazi anatoa. Niliwatazama asubuhi nzima nikakukumbuka, nikasema alhamdulillah, kwetu sisi ni kinda ndilo linalomlisha mama kutoka Maskati.

Msituni naenda mara chache, ni mbali kwa miguu na lazima nimlipe kijana wa kuniongoza. Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 400 na ushei, na ukiingia bila mwongozaji utaona majani. Huyo kijana wa Kigiriama alinipeleka mchana mweupe penye vichaka vigumu, akaniambia tazama hapo. Nikatazama, sioni. Kumbe hapo mbele yangu, chini kabisa tawini, walikuwa wamelala bundi wawili wadogo, kila mmoja angeenea kiganjani, mmoja mwekundu na mwenzake kijivu. Hawa wanapatikana pwani yetu hii na huko chini ya milima ya Usambara, Tanga, basi. Wanasayansi wenyewe hawakuwajua hadi miaka ya 1960. Bibi yako akisikia bundi usiku alikuwa hasemi na mtu mpaka kuche. Mimi nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, nikaendelea kuwatazama.

Na siku nisizotoka, minazi ya jirani inatosha. Mnana dume anafuma kiota, akimaliza ananing'inia chini yake akipigapiga mbawa, jike linakuja kukagua. Likikataa, na mara nyingi linakataa, anakibomoa akaanza upya na majani mabichi. Wateja wa namna hiyo nimewahi kuwa nao, ila mimi sikuwa na uvumilivu wake. Kinachonikera ni kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, wanaoiba mayai na makinda ya wenzao. Si wa kwetu; waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, eti wasafishe mji, na sasa pwani nzima ni yao.

Wako wanaokimbiza idadi. Kenya ina aina zaidi ya 1,000, na nimekutana na wageni wanaoshuka garini, wanamwona ndege, wanaandika, wanapanda garini. Kila mtu na starehe yake, lakini mimi ningechoka. Kuhesabu kwangu ni Januari tu, wakati wa hesabu ya ndege wa majini inayofanywa katika nchi nyingi mwezi huo. Wanaojua wanatazama na kutaja, mimi napewa daftari niandike. Hapo ndipo pekee ninapotakiwa kitu, nacho ni mwandiko.

Kuhusu darubini uliyoiona dukani, ya kukuza mara 20, nakuomba usiinunue. Mkono ukitikisika kidogo tu picha yote inacheza, na kumtafuta ndege ndani yake ni kazi, maana inakuonyesha kipande kidogo. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara za kukuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, inaingiza mwanga wa kutosha alfajiri. Isiwe nzito, na uangalie kama vioo vyake havishiki ukungu, bahari yetu unaijua.

Nawe ukipata siku za mapumziko kipindi cha baridi, kuna mahali kusini mwa Maskati panaitwa Barr al Hikman, ng'ambo ya kisiwa cha Masira. Wale weupe wavunja kaa hujaa huko kwa maelfu wakati huo. Uliza kwanza habari za maji kujaa na kupwa, uende na mwenzako mwenye gari la kuhimili mchanga, na maji ya kunywa ya kutosha. Ukiwaona nipigie simu papo hapo hata kama ni usiku kwangu, nataka kujua kama na huko makinda yanawasumbua wazazi.

Shangazi yako nimemsamehe. Msalimie mumeo.

Mama yako