Bodi ya ardhi iulize magunia

Mhariri, juma hili mmeuliza: miji ikizidi kupanuka, chakula kitatoka wapi? Mimi ni mkulima pembeni mwa Nakuru, na jibu langu linaanzia kwenye ua wa boma langu.

Ng'ambo ya ua huo palikuwa na ekari moja ya kaka yangu. Mvua ikiwa nzuri ilitoa magunia 18 ya mahindi, kilo 90 kila gunia. Hizo ni gorogoro 810, yaani mikebe ya kilo mbili mbili. Kaka aliiuza alipobanwa na karo na bili ya hospitali kwa mpigo, na simlaumu: mahindi yake alikuwa ameshampelekea mnunuzi, miezi mitatu ikapita bila kuona senti. Leo ekari hiyo ni ploti 8 za futi hamsini kwa mia, bikoni, yaani alama ya mpaka, kila kona. Tatu zimeshachimbwa msingi. Udongo ule, mlaini kama unga wa wimbi, ulipakiwa kwenye lori ukauzwa mjini, watu wajaze magunia wapande sukuma wiki kwenye veranda. Niliutazama hadi lori likakata kona.

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021 nilifurahi, na bado nafurahi. Vijana wetu wanataka kazi na pa kulala. Lakini ghorofa tano hukaa kwenye ploti ileile ya nyumba moja; mji na upande juu kabla ya kutambaa kuelekea mashamba ya Njoro na Bahati.

Sheria tunayo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka idhini ya bodi ya ardhi kabla shamba halijagawanywa, na inasema kwa kawaida bodi ikatae pale mgawanyo utakapopunguza mavuno. Siku familia yetu ilipofika mbele ya bodi tuliulizwa kama mke wa kaka amekubali, na ni haki kuuliza. Magunia hayakutajwa kabisa. Swali la magunia liwe la kwanza. Na mkulima alipwe siku mahindi yake yanapopimwa, maana bila hivyo kumkatalia idhini ni kumfungia na njaa yake shambani.

Ijumaa iliyopita kaka alikuja na mfuko kununua gorogoro mbili. Nilimpimia nne.